Kidude Cheusi cha Ndani ya Ufunguo

Kakuma, Alhamisi

Bila mimi, maharusi wa Kakuma wangeenda kanisani kwa miguu. Gari ya kubeba bibi harusi ni yangu, hata mchungaji anajua.

Jumamosi ni zamu ya Akiru, binti ya marehemu kaka yangu, harusi Lodwar. Na gari imekwama hapa mlangoni tangu Jumatatu. Ufunguo unazunguka, taa zinawaka, injini inakataa.

Leo nilipeleka ufunguo kwa fundi Lodwar. Akaufungua, akaniangalia.

"Mzee, chipu ya humu ndani haiko. Bila hiyo gari haiujui ufunguo, haiwaki. Nitaweka ingine, lakini lazima gari iwe hapa, kompyuta iiunganishe na chipu."

"Gari iko Kakuma na haiwaki."

"Basi ivutwe."

Ivutwe! Mimi ndiye huvuta magari ya wengine. Nikamwambia aje yeye. Akasema labda Jumatatu.

Kwa hivyo gari haiendi bila ufunguo, na ufunguo haupatikani bila gari kwenda. Nimebanwa.

Nilimwambia fundi jua la Kakuma liliyeyusha chipu, maana nimeona likiyeyusha sufuria. Hakucheka.

Jioni Akiru akaja. "Baba mdogo, kama gari haiko, sema tu, nitafute ingine mapema."

"Gari iko tayari," nikasema. Akashukuru.

Kesho lazima nimwambie. Jumapili nilifungua ule ufunguo nitoe mchanga, nikaona kidude cheusi. Nikadhani aliyeniuzia gari alikiweka anifuatilie, kwa vile mimi ni mtu mkubwa. Nikakitupa chooni.