Mlango wa Muuza Mbao

Shoga, nimecheka hadi mbavu zinauma!

Si unajua fundi wangu wa useremala kasema nisipokuwa na benchi langu la kurandia, Jumatatu nisije kazini? Nikaenda kutafuta mbao ngumu. Muuza mbao akanitazama juu mpaka chini. "Mninga huuwezi, binti. Na mkaratusi sipunguzi."

Alipopotea, nikazunguka nikibonyeza mbao kwa ukucha, kama fundi alivyonifundisha. Za bei rahisi zote laini, zinabonyea.

Nyuma ya banda nikaona moja pana, imeegemezwa. Ukucha haukuingia hata kidogo! Nikaivuta.

Shoga. SHOGA. Kumbe ni mlango wa choo.

Na muuza mbao mwenyewe yumo ndani, kachuchumaa!

"We binti! Rudisha mlango!"

Nikageukia pembeni, mlango nimeukumbatia. "Shikamoo, mzee."

"Shikamoo ya nini? Rudisha!"

"Narudisha, mzee. Ule mkaratusi, bei ya mwisho?"

Tukasikia wateja wanakuja, wanaongea.

"Nusu! Chukua kwa nusu!"

Mimi wanijua, sina haraka. "Na wa kunibebea?"

"Mkokoteni bure! Mlango, mwanangu, mlango!"

Nakuandikia nimekaa juu ya mbao zangu, nasukumwa.