Volti Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Gari la marehemu baba limezimika mbele ya soko. Betri kavu! Wauza viazi wamelisukuma, mimi usukanini napunga mkono kama waziri. Fundi Waya, rafiki yangu tangu shule, kapima: dainamo imekufa, haichaji betri tena. Atanifungia altaneta badala yake. Afanye hima – Jumamosi binti yangu anaolewa, na nimemwahidi kumpeleka mwenyewe, kwa gari hili hili.

Jumanne, 4 Machi
Altaneta imefungwa! Taa zinawaka hadi aibu. Nikirudi nyuma kuingia uani nimegonga pipa la taka la jirani. Nasema pipa lilisogea. Mama watoto hakucheka.

Jumatano, 5 Machi
Nimepima chaji, injini ikinguruma. Namba za mita ndogo kama mayai ya chawa, kwa hiyo mama watoto kanisomea. Volti kumi na mbili. Altaneta ikichaji, inatakiwa kumi na nne! Nimekaza mkanda, nimesugua vichwa vya betri. Kasoma tena: kumi na mbili. Waya kwenye simu kasema nisitoke nalo, anatafuta kifaa. Ajabu, linawaka kwa kuguswa tu, na taa ya chaji inazimika vizuri. Waya anasema eti taa ya zamani haielewani na altaneta. Haya, fundi ni yeye.

Alhamisi, 6 Machi
Waya hapokei simu. Shemeji kapita, kasema kwa upole kuwa gari lake liko tayari kwa Jumamosi. Nani kamwambia?

Ijumaa, 7 Machi
Mama watoto alikwenda kwa mshonaji. Nikawasha gari, nikaipiga mita picha kwa simu, nikaikuza mpaka namba zikawa kama bango.

14.2.

Nikapiga tena. 14.2. Nikakalia ndoo. Altaneta nzima tangu Jumanne! Waya na mke wangu wamenidanganya. Miaka ishirini na sita ananisomea barua, vibandiko vya dawa – sijawahi kuuliza mara mbili.

Aliporudi nikamwomba anisomee tena. Aliitazama mita kitambo.

"Kumi na mbili."

Nikamwonyesha simu. Hakuiangalia.

"Siku ile ya pipa, jirani alikuwa ameinama anatupa taka. Aliruka pembeni, mume wangu. Wewe hukumwona."

Nimeingia ndani kuandika haya. Injini sijaizima. Binti yuko dirishani, viatu vyeupe mkononi, anauliza kesho tunaondoka saa ngapi. Mama yake yuko nyuma yake. Ananiachia mimi nijibu –