Mtani Wangu Ameniitikia Marahaba

Mikumi, Alhamisi jioni.

Joto la leo linakaba koo. Mvua imegoma, mawingu yanakuja, yanatuangalia, yanaondoka. Nimekaa kibarazani nje ya chumba changu hapa hotelini, mbele yangu ngiri wawili wanachimba nyasi za watu bila wasiwasi wowote, na mimi nimeshindwa hata kumaliza soda.

Kesho asubuhi Baraza la Chuo linakaa hapa. Ajenda ni moja: Profesa abaki au aondoke.

Kabla ya ajenda hiyo kuna nyingine, ambayo haikuandikwa popote ila kila mtu anaijua. Ajenda hiyo ni mimi.

Kwa mnaoingia humu mara ya kwanza (najua mko wachache, na mmoja wenu ni dada yangu): mimi ni mwalimu wa chuo kimoja cha umma, nafundisha mambo ya malisho ya mifugo. Walimu wenzangu walinichagua niwawakilishe kwenye Baraza, kile chombo cha juu kinachomsimamia kiongozi wa chuo. Kiongozi mwenyewe nitamwita Profesa, inatosha. Jina la chuo sitaji, la mtu sitaji. Mdomo umeshaniponza vya kutosha.

Tatizo la Profesa si wizi. Watu wakisikia ugomvi wa chuo wanawaza hela tu. Tatizo lake ni kwamba hathibitishi mtu kwenye cheo. Kila mkuu wa idara kwetu anakaimu, kila mkurugenzi anakaimu. Mimi mwenyewe nilianza kukaimu idara yangu wakati mwanangu wa mwisho hajaota meno, na sasa anavaa sare za shule. Anayekaimu hana kauli. Akipinga jambo kikaoni, haichukui muda utasikia kuna kaimu mwingine, na yeye karudi kufundisha bila hata asante.

Baraza lilimwagiza atangaze nafasi hizo watu waombe. Akajibu kwamba Baraza linaingilia utendaji. Mwenyekiti wa Baraza akachukia, Profesa naye akachukia, na tangu hapo wakubwa hao wawili wanasalimiana kwa barua. Wajumbe wamegawanyika katikati. Kura yangu ndiyo inayobaki, na walimu walionituma wanajua nitaipiga wapi.

Sasa nieleze kosa langu, kama ni kosa.

Si muda mrefu Profesa alifiwa na mama yake. Tukaenda kuzika Kidete, kwa sababu baba yake alikuja zamani kufanya kazi ya reli, akalowea hapo. Wao ni Wanyamwezi, mimi ni Msagara wa hapahapa Kilosa, kwa hiyo sisi ni watani, jambo ambalo halihitaji shahada kulielewa. Tangu niajiriwe, Profesa hajawahi kunisalimia kama binadamu. Ananiita mtumwa wake. Ananiuliza kama siku hizi kwetu tunanawa kabla ya kula. Na mimi namwambia babu zake walibeba mizigo ya watu hadi wakasahau njia ya kurudi kwao. Tukishamalizana hapo ndipo tunaongea ya kazi.

Msibani mtani ana kazi yake. Wafiwa wanalia, yeye anawachekesha, anazuia maziko, anadai chake, na hakuna wa kumkasirikia. Wazee wa familia walinitazama, wakanipisha. Basi nikaenda nikakaa juu ya udongo wa kaburi, nikashika chepe, nikatangaza kwamba mama huyu hazikwi leo. Hajathibitishwa. Anakaimu umarehemu, na huyu mwanawe hajawahi kusaini barua ya kumthibitisha mtu yeyote, ataanzaje na mama yake?

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Walimu wenzangu kwanza waliinamisha vichwa kwa woga, halafu uzalendo ukawashinda. Profesa mwenyewe alicheka huku machozi yanamtoka, mabega yanatikisika, na sikujua kipi ni kilio na kipi ni kicheko.

Hapo nikanogewa. Nikamnyooshea chepe, nikamwambia, "Na wewe ukishamfukia mama, fungasha. Kile kiti si cha baba yako. Tumekuchoka."

Alikuja pale nilipokaa, mkononi ana jogoo. Akasema, "Haya mtumwa wangu, nimethibitisha. Sasa toka nimzike mama." Nikatoka. Tukamzika mama. Jogoo nilimpeleka Mabwerebwere kwa shangazi yangu, tukamla na ugali, nikajua yamekwisha.

Hayakwisha.

Kuna mtu alirekodi kwa simu. Kipande kinachozunguka kinaanzia kwenye "Na wewe ukishamfukia mama" na kinakatikia kwenye "Tumekuchoka." Hakina kicheko wala jogoo. Kimepita kwenye magrupu yote ya WhatsApp ya chuo, kimefika mpaka kwa wazazi wa wanafunzi. Ukikiangalia hujui habari, unamwona mwanamke kichaa anamfokea mfiwa kaburini. Wajumbe wanaomuunga mkono Profesa wakapeleka malalamiko kwa Mwenyekiti: huyu amekwisha kuhukumu kabla ya kikao, atolewe nje, asipige kura. Na kanuni zetu zinasema hivyo kweli. Mjumbe akionekana ameshaamua, anatoka.

Nikitoka mimi, Profesa anabaki. Hesabu ni hiyo.

Asubuhi tumetoka Kilosa na gari la chuo. Tumepita Ulaya, hii ya kwetu isiyohitaji viza, na hakuna aliyetania hata kidogo, wakati kila safari lazima mtu aseme kitu pale. Dereva aliweka kwaya, akaizima mwenyewe.

Nilipofika tu Mwenyekiti akaniita. Ni jaji mstaafu, mtu wa sauti ya chini, hamalizi sentensi bila kufikiri. Nilimpa shikamoo yake, akaitikia, akaniambia nikae. "Binti yangu, kesho nitakupa nafasi ya kujieleza," alisema. "Sema ulikuwa unatania, hukumaanisha lolote. Nitawauliza wajumbe, tutalifunga, utapiga kura yako." Nikamwambia nimekusikia, mzee wangu.

Sijafika hata chumbani, simu za Kilosa zikaanza. Wenzangu wanasema yaleyale. Sema hukumaanisha, dada, tuvuke. Mmoja wao amekaimu mpaka anakaribia kustaafu. Siwalaumu hata kidogo. Ningekuwa wao ningesema hivyohivyo.

Ila nilimaanisha.

Nilimaanisha kila neno. Utani ndio uliniwezesha kumwambia Profesa jambo ambalo ofisini kwake halisemeki, na ndio ulimwezesha yeye kulisikia bila kuaibika. Alilisikia, akalipokea, akatoa jogoo. Leo nikisema sikumaanisha, ni kwamba nilikwenda kuchezea msiba wa mama wa mtu. Siwezi kumfanyia vile, hata kama namtaka aondoke.

Na niseme na hili, maana kama silisemi humu sitalisema popote: nilijua wajumbe wengine wa Baraza wapo pale Kidete. Nilijua wananisikia. Sehemu ya yale maneno niliwatupia wao. Sijui ni sehemu kubwa kiasi gani, na inaninyima raha.

Mchana nilimpigia shangazi. Nilimsimulia yote na alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Mwishoni akasema, "Mwanangu, mtani hajitetei. Anayemtetea ni aliyetaniwa. Huyo Mnyamwezi amesemaje?"

Hajasema kitu.

Hapo ndipo penye moto. Profesa angefungua mdomo aseme yule ni mtani wangu, mambo yote haya yangekufa siku ileile. Nani angebisha? Lakini malalamiko yamezunguka, kipande kimezunguka, na yeye kimya. Nimekuwa nikimtafutia sababu. Amefiwa, akili haijatulia. Labda hajakiona. Labda wapambe wake wanamficha. Wiki nzima mimi ndiye nimekuwa wakili wake.

Mpaka jioni hii.

Nilikuwa naelekea ukumbi wa chakula, yeye anatoka. Yuko peke yake, kandambili miguuni, shati limempwaya. Amekonda. Nilikuwa na tusi langu tayari, zuri kabisa, nilikuwa nimelitunza tangu Kilosa. Nilipomwona likaniishia mdomoni. Nikamwamkia, shikamoo Profesa, nikasubiri aniite mtumwa wake, aniulize nani kanifundisha adabu.

"Marahaba, Daktari. Poleni na safari."

Akapita.

Mwingine angesema nimesalimiwa vizuri sana. Mimi kwa miaka yote niliyofanya kazi chini ya yule mzee sijawahi kutukanwa namna ile. Nilirudi chumbani bila kula. Nimelia, tena si kidogo, na baada ya kulia zikaja hasira, na baada ya hasira nikaanza kumwelewa, kitu ambacho sikukitaka.

Anaogopa. Akisema mimi ni mtani wake, ananirudishia kura, na kura hiyo ndiyo inamtoa. Akinyamaza, anabaki. Kwa hiyo amenyamaza. Na mimi nikisema sikumaanisha, napata kura. Wote wawili tunatakiwa tukane yaliyofanyika pale kaburini ili kila mmoja apate anachokitaka kwenye meza ya kesho. Tofauti ni kwamba yeye ameshaanza.

Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Nimeamua hivi.

Mwenyekiti akinipa nafasi, sitajitetea. Nitamgeukia Profesa mbele ya Baraza zima nimuulize: siku ile Kidete, mimi nilikuwa nani kwako? Akisema nilikuwa mjumbe aliyemtukana, nitachukua mkoba wangu nitoke nje, na walimu wenzangu waendelee kukaimu kwa sababu yangu. Watanichukia na watakuwa na haki. Walinipa kura yao niitunze, mimi nakwenda kuiweka mikononi mwa mtu yuleyule wanayemwogopa. Nimewaza kuwapigia niwaambie. Sijawapigia. Najua watakachosema, na najua naweza kulegea.

Lakini kama Baraza halina mahali pa kusemea ukweli, na kaburini pia tukaambizana kwamba hapakuwa na ukweli, basi hicho chuo tunakigombania cha nini?

Nimejikagua vizuri na nimegundua kwamba hofu yangu si akinikana. Akinikana nitapandwa na hasira, na hasira zangu nazijua, nitatembea nazo mpaka Kilosa. Ninachoogopa ni asiponikana. Aseme ndiyo, huyu ni mtani wangu, alinizikia mama. Ajue kabisa anachokitoa, na akitoe. Ndipo mimi nibaki kwenye kiti changu, Mwenyekiti aite kura, na ifike zamu yangu ya kuinua mkono kumwondoa mtu ambaye dakika chache kabla amesimama akanitetea.

Nitauinua.

Baada ya hapo sijui nitamsalimiaje.