Sauti ya Tonton

Mama,

Jambo yako na ya nyumba yote. Mugongo unakuachia ulime, ao ungali unauma? Dada Zaina anaenda masomo? Hapa Kisangani miye naendelea, tunakula, tunalala.

Lakini kuna jambo nilikuficha. Ndugu yako mukubwa, mjomba wangu Tonton, hana sauti tena. Ugonjwa wa koo uliikata miezi mbili sasa, anaandika tu kwa vikaratasi. Alinikataza kukuambia. Unajua kazi yake: alianza kijana, akipitisha karatasi za kodi za wafanyabiashara, kisha akafundisha sheria ya kodi na ya biashara mpaka mawakili wengi wa hapa wamepita mikononi mwake. Aliogopa faculté, pale anapofundisha, itamupumzisha kazi. Donc, basi, alinipa madaftari yake, nisome kwa simu kama vile ni yeye, wanafunzi wasikilize. Miye huyu, mwenye kuona haya hata kuomba chumvi.

Mara ya kwanza nililazimisha sauti iwe nzito. Mara ya tatu sikulazimisha, ilikuja yenyewe. Nilisoma: «Société, ni kusema kampuni, iko mutu asiye na mwili. Inazaliwa kwa karatasi, inasema kwa kinywa cha mwengine.» Nikakohoa, kikohozi chake kabisa. Tonton alikaa mbele yangu. Midomo yake ilitembea pamoja na yangu, kimya. Mwanafunzi moja akaandika: «Prof, tulisema umezeeka, kumbe unaongeza ukali tu.»

Bon, juma lililopita ulipiga simu ya Tonton, nikaipokea na «Alo». Nilitaka kusema ni miye, ukanitangulia:

— Yaya, jambo. Mutoto hakusumbui?

Kinywa changu kikajibu:

— Hapana, mudogo wangu. Iko mupole.

— Umulinde, yaya. Kimya yake ilikuwa inaniogopesha. Sikukuambiaka.

— Nitamulinda.

Unisamehe, Mama. Tonton alikuwa mulangoni, anakubali na kichwa, kama mwanafunzi anapojibu vizuri.

Jana niliomba mukate kwa mama wa kona. Alikuwa ameinama, akasema, «Ndiyo, Professeur.» Alipoinua kichwa aliangalia nyuma yangu, akimutafuta.

Nikamwambia Tonton naacha, aende mwenyewe aeleze faculté. Akaandika: «Ni nani anasema hivyo?» Hakuwa anacheka. Aliningojea nijibu, nami sikujua nitajibu na sauti gani.

Kuja, Mama, hata kwa njia mbaya ya Ubundu. Nikikusalimia nyuma ya mulango, usiitike. Ingia kwanza, uniangalie uso.

Unisalimie mzee wetu Koko, baba mudogo mwenye kushona, na jirani yetu wa samaki.

Ni Amisi, mutoto wako. Mukono huu ungali wangu.