Plasta ya sdb

Jumatatu, 5 Mei
Umeme umekatika Kibamba, ukarudi, ukakatika tena. Chai kavu. Seva ya studio imewaka na malalamiko: diski iitwayo sdb imekufa. Sina hofu. Ziko mbili, sda na sdb, kila video ninayohifadhi inaandikwa kwenye zote mbili. Shukuru, fundi aliyenifungia seva hii, alisema nitalala usingizi.

Tumaini kapiga simu. Anataka video ya sendoff yake, ile ninayomwambia njoo wiki ijayo tangu mwaka jana, eti sijamaliza kuipamba. Mama yake alifariki mwezi uliopita, arobaini ni Jumamosi ya wiki ijayo. Anataka hotuba ya mama tu. Nimeahidi.

Jumanne, 6 Mei
Kariakoo. Diski nilizibandika plasta zamani, kila moja na jina lake. Nimechomoa yenye plasta ya sdb, nimempelekea muuzaji wangu. Ndiyo kawaida yetu: unampa mbovu, unaongezea hela, anakupa mpya. Ile mbovu anaifuta, ikifufuka anawauzia mafundi wa kamera za ulinzi. Mvua njia nzima. Nimerudi nimelowa, roho safi.

Alhamisi, 8 Mei
Seva imegoma. Nimeilazimisha. Ikaanza kunakili kwenda diski mpya, ikakwama. Nimeanza upya, ikakwama palepale. Diski iliyobaki inagonga ndani. Diski iliyo nzima haigongi. Sitaki kufikiria.

Ijumaa, 9 Mei
Nimempigia Shukuru, yuko Songea. Akauliza: "Braza, uliwahi kuchomoa waya humo?"

Niliwahi. Pasaka nilisafisha vumbi, nikarudisha waya popote paliposhika.

"Basi majina yamebadilishana. Hayakaagi na diski hayo, mashine inayagawa upya kila ikiwaka. Ungesoma namba ya kiwandani."

Kwa hiyo nzima nimeitoa, mbovu nimebaki nayo. Mjinga mimi. Niliamini plasta, mwandiko wangu mwenyewe!

Nimekimbilia Kariakoo. Muuzaji hana kosa. Ameshaifuta, ameshaiuza. Iko kwenye ghala fulani Temeke, inarekodi geti.

Jumatatu, 12 Mei
Nachota vipande kwenye diski mbovu. Harusi za watu zinatoka nusunusu. Nimejaribu kusali, sijui hata niombe nini. Hotuba ya mama Tumaini imepatikana, ila imekatika mwanzoni kabisa. Nimeijaribu kila namna ninayoijua. Zimeisha.

Meseji ya Tumaini: "Shikamoo kaka. Baba anaulizia kila siku, anaisubiri kwa hamu." Nimeandika jibu, nimelifuta. Heri angenitukana.

Jumatano, 14 Mei
Nimekwenda kwao Segerea mwenyewe. Nimemwamkia Baba Tumaini, nikasema yote bila kuzunguka. Habari za plasta na waya sijui kama alizielewa. Tumaini alizielewa.

"Si ungetupa tu hivyohivyo, kaka? Nani alitaka mapambo?"

Ameingia ndani akilia. Nikabaki na mzee. Akauliza kimesalia nini.

"Kipande kidogo, mzee. Hajaanza hata hotuba."

"Kilete hichohicho."

Ningefurahi ardhi ipasuke.

Jumamosi, 17 Mei
Arobaini. Ibada, pilau, ndugu waliotoka Mbeya. Nimefunga projekta sebuleni. Tumaini hakuniangalia.

Mama kasimama, kitenge cha kijani, anaigonga maiki kwa kidole. "Jamani, mnanisikia?" Hapo inakata.

Siku ile ukumbi mzima ulimjibu kwa vigelegele. Havikuokoka. Leo kimya. Kisha Baba Tumaini, taratibu, macho ukutani:

"Tunakusikia, Mama Tumaini."

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena. Sikuwa na kingine cha kumpa.