Nani Anakula Betri ya Trela?

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Tumefika ukingo wa kreta saa kumi. Baridi ya kukata masikio. Wageni wawili tu, Mzee na Bibi yake, kutoka Uholanzi. Siku sita. Umeme wa nguzo hakuna, jenereta Mzee hataki, kelele. Tunategemea sola ya juu ya trela na betri mbili chini ya kitanda. Kuna kioo kidogo kinachoonyesha zimebaki asilimia ngapi. Leo jioni 91. Zikifika 20 kila kitu kinajizima.

Bosi Vedasto kanikabidhi funguo za trela mbele ya Remigius, dereva. Remigius hakupenda, nilimwona. Kwenye friji, pamoja na nyama na siagi, kuna vichupa sita vya dawa ya sukari ya Mzee, anajichoma sindano kila jioni. Bosi alisema friji likifa ni roho ya mtu. Na kazi yangu — hilo hakulisema. Mpishi mkuu kwa mara ya kwanza. Sitaki mchezo.

Jumanne, 9 Septemba

Asubuhi 58! Nani kala?

Remigius anasema ni ukungu. Sola hailioni jua mpaka saa tano, halafu gari limesimama, na gari lisipotembea haliwezi kulisha betri. Maelezo marefu mno. Mkweli hujibu kwa kifupi.

Mchana nimekuta simu saba zinachajiwa ndani ya trela. Saba! Zimefungwa raba za rangi ili zisichanganyike. Ni za Sairowua, mlinzi wetu, na za watu wa boma lao. Nikamuuliza nani kamruhusu. Akaniita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, akasema taratibu, kwetu jirani akija kuomba moto hanyimwi, na huu nao ni moto tu. Remigius akadakia kwamba simu saba si kitu, hata sabini. Kwa nini anamtetea? Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeanza kukagua nguo.

Jumatano, 10 Septemba

37. Na simu zilitolewa zote jana, mbele ya macho yangu. Basi wanachaji nikiwa nimelala.

Nimepata dawa yao. Nyumbani Karatu friji nalizima kila jioni na kuliwasha asubuhi, vinginevyo umeme wa luku haufiki mwisho wa mwezi. Maziwa hayajawahi kunichachia. Jua limetoka kidogo mchana, kioo kinasema 41. Jioni hii nazima swichi kuu ya trela. Kila kitu. Funguo ndani ya soksi. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 11 Septemba

41! Haikushuka hata moja. Nimemkamata.

Friji bado la baridi, maana huku hata kabati ni friji. Nikampigia Bosi, nikamweleza mtego wangu. Hakuuliza mara mbili. Kufikia saa nne Sairowua kaambiwa aende. Alikunja shuka lake la kulalia, akanipa mkono, akaniaga vizuri. Hakubisha. Asiye na hatia si angebisha? Remigius kutwa nzima hajaniita Mama Clemensi. Ananiita mpishi.

Ijumaa, 12 Septemba

Tumeshuka Mang'ola. Joto, vumbi, malori ya vitunguu. Kwa mwendo wa leo betri zimepanda hadi 83.

Mlinzi wa huku anaitwa Yohana. Kaniuliza mara mbili kesho tunatoka saa ngapi. Anataka kujua ili iweje?

Jumamosi, 13 Septemba

Tuliondoka wote saa tatu kwenda ziwani, mimi na chakula cha mchana, trela tukaliacha kambini. Kwa sababu ya Yohana nilizima swichi kuu, nikafunga madirisha, nikafunga mlango. Tumerudi saa kumi.

Nimefungua trela, joto limenipiga usoni kama nimefungua oveni. Betri 97. Siagi imekuwa mafuta. Kipimajoto cha ndani ya friji: 33.

Nimewasha haraka. Nikakaa chini. Hapo ndipo nimeelewa kitu ambacho hata mtoto wa darasa la tano angekielewa. Usiku ule wa mtego, friji nalo nilikuwa nimelizima. Friji ndilo linalokula. Sairowua hakuchukua chochote. Naona aibu hata kuandika.

Remigius kachungulia kioo, kasema hongera Mama Clemensi, tangu yule mwizi aondoke betri zinashiba. Akatabasamu. Ananisifu au ananicheka? Anajua?

Siku ya kwanza Bibi alinisomea karatasi ya dawa: ikipata joto kali inatupwa, hata ikionekana nzima. Inaonekana nzima. Nimevishika vichupa vyote mara tatu. Maji meupe, safi. Maduka ya dawa Karatu bado yako wazi, tukiondoka sasa hivi tunawahi. Lakini nikisema joto nimesema swichi. Nikisema swichi nimemsema Sairowua, na nimejisema mimi.

Saa kumi na mbili kasoro. Kipimajoto 19. Sasa 14.

11. Kikifika 8 hakuna atakayejua.

Mzee kaja mwenyewe, kafungua friji, kachukua kichupa. Kakigusisha shavuni. Kaniambia kwa Kiswahili nilichomfundisha mimi, asante Mama, baridi sana. Wamekaa pale mezani, hatua nne kutoka hapa kwenye ngazi nilipo. Bibi anampandishia shati. Mzee anaivuta dawa kwenye bomba la sindano polepole, macho yake mabovu, anairudisha, anaanza tena. Na mimi bado naandika.