Mume na Mke Katika Droo Mbili

Chumba cha Wadudu,
Jumba la Makumbusho, ghorofa ya chini.
Jumamosi, 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeketi. Kama umesimama, tafuta kiti kwanza. Goti lako linaendeleaje? Na ile sauti yako, bado inafika nyumba ya tatu? Sisi huku wazima, ila mume wangu, ambaye siku hizi haketi kwenye cherehani yake kabla hajakipapasa kiti. Nitaeleza.

Unaijua kazi yangu ya kuwatambua na kuwapanga nondo, hasa wale ambao viwavi wao hutambaa kwa tumbo kama konokono aliyesahau nyumba, na miiba yao inawasha kuliko upupu. Wewe ndiye uliyenivumilia nikiwafuga kwenye makopo yako ya unga, ndiyo maana niliapa kwamba jenasi mpya ya kwanza nitakayoigundua itabeba jina lako. Mwaka juzi nikaigundua. Jina lako likavishwa Kilatini, likachapishwa, nawe ukaitia ile karatasi kwenye fremu juu ya televisheni. Nasikia mgeni hapewi maji kabla hajaisoma.

Shangazi, hapa ndipo pa kukishika kiti.

Mwezi wa tatu nilimwona nondo wa jenasi yako, mkubwa wa kahawia, akitaga kwenye waridi la dirishani kwetu. Viwavi wake hakuna aliyewahi kuwaona, basi nikawalea kwenye chupa ya jamu. Walikuwa wanane. Mmoja alitoroka akapanda kiti cha mume wangu. Alichosema mume wangu siwezi kukuandikia wewe.

Saba waliobaki wakajifungia kwenye vifuko vigumu vya mviringo. Jumatatu vikafunguka. Wakatoka wanne wakubwa wa kahawia, nikapiga vigelegele. Kisha wakatoka watatu wadogo wa njano, vipapasio kama kitana, yaani jenasi nyingine kabisa, ya tangu zamani, wakazi wa droo ya kumi na mbili. Mama mmoja, jani moja, jenasi mbili?

Nikawaweka chini ya hadubini. Wakubwa wote majike, wadogo wote madume. Nikakimbilia droo yako: majike arobaini, dume hata wa dawa hakuna. Droo ya kumi na mbili, madume watupu. Miaka miwili nimejivunia jenasi isiyo na wanaume, wala sikujiuliza wanazaaje! Kumbe waume zao wako droo ya kumi na mbili.

Ningeweza kunyamaza. Mashahidi ni mimi na chupa ya jamu. Siku mbili nilinyamaza kweli, nikikuona machoni ukiipangusa ile fremu. Nilikuonea huruma, nikajionea aibu zaidi. Siku ya tatu nikamwonyesha mkuu wetu. Alichungulia, akavua miwani.

“Mama, umewapa talaka watu ambao hawakugombana.”

Kanuni zetu hazina huruma: jina lililotangulia ndilo linalobaki. Lako linafutwa, na mwenye kuandika tangazo la kulifuta ni mimi. Nimeshalituma. Nisamehe, Shangazi.

Lakini jana niliwahamisha wale arobaini, mmoja mmoja kwa pini yake, mpaka droo ya kumi na mbili. Nikakukumbuka wewe, ambaye ndoa ikiyumba ukoo mzima hukimbilia kwako, na uliyenirudisha kwa huyu fundi cherehani wangu mara mbili. Basi nimewapiga picha, jike kushoto, dume kulia, nikaikata kwa kipimo cha fremu yako. Imo humu ndani. Mgeni akiuliza, mwambie kazi yako sasa inafanywa na mwanao.

Nisalimie Binamu, na yule jirani yako mshonaji wa vitambaa. Mume wangu anakusalimu, amesimama. Mungu akulinde, wewe na viti vyako vyote.

Ni mimi akupendaye,
uliyemlea pamoja na viwavi wake.